Gari lililokaa juu ya mawe likiwaka na kupiga kelele: kutafuta chanzo, mlio kwa mlio

Katika nyua nyingi za Mwanza, kuanzia Kirumba na Pasiansi hadi Nyegezi, bado yapo magari ya zamani ambayo hayajauzwa kama chuma chakavu: Peugeot 404 na 504, Land Rover za Series, Volkswagen Beetle, Datsun 1200, Corolla zenye injini ya 3K. Mengi yalikuwa ya baba au babu. Mwenyewe akafariki au akazeeka, gari likawekwa juu ya mawe, likafunikwa turubai, miaka ikapita. Sasa mtoto au mjukuu anataka kulirudisha barabarani. Linawaka, watu wanashangilia, halafu injini inaanza kugonga.

Hapo ndipo uamuzi mbaya hufanyika. Fundi wa kwanza kupita anasema injini imenoki, tafuta nyingine. Kwa gari lililolala muda mrefu, kauli hiyo mara nyingi si kweli. Kelele nyingi hutokana na ukavu, kutu, na vitu vilivyoganda au kulegea, na hutibika bila kushusha injini. Lakini zipo chache ambazo ukiziacha ziendelee kwa dakika tano zinamaliza kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) kabisa. Kujua tofauti ya hizo mbili ndiyo kazi yote.

Kwa nini injini huharibika ikiwa imelala tu

Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi. Kwa hiyo kutu ya hapa hailetwi na upepo wa chumvi unaokula magari ya Dar es Salaam na Tanga. Inaletwa na unyevu. Mchana injini inapata joto chini ya bati, usiku inapoa, hewa yenye mvuke inaingia na chuma kinatoa jasho kwa ndani. Injini ya silinda nne ikisimama, popote itakaposimama, kuna valvu zilizobaki wazi. Silinda yenye valvu wazi inapumua hewa ya nje kupitia ekzosi au kabureta, masika na vuli, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana ukifungua injini kama hizi unakuta silinda moja au mbili zina mduara wa kutu pale ringi za pistoni zilipokuwa zimegusa, na zile nyingine ni safi.

Ongeza wakazi. Nyigu wanaojenga kwa udongo huziba kila tundu dogo: bomba la ekzosi, kipumulio cha tanki, mpira wa hewa ya injini. Panya hujenga ndani ya eya klina na kwenye Beetle huingia hata kwenye kifuniko cha feni ya kupoza, wakaziba njia ya hewa. Fungua eya klina na uitazame kabla ya jambo lingine lolote. Punje za mchele au vipande vya godoro vikivutwa ndani ya silinda vinatengeneza kelele ambayo hakuna mwongozo utakaoieleza.

Kama bado hujapiga starta

Una bahati, maana nusu ya kelele zitakazofuata hapa chini unaweza kuzizuia.

Toa oili yote kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) na uitazame inavyotoka. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwepo hutangulia. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji yaliyochanganyika nayo. Oili nyepesi yenye harufu ya petroli ina maana kubwa zaidi: pampu ya petroli ya mengi ya magari haya huendeshwa na kamshafti (mhimili unaofungua valvu) na imefungwa ubavuni mwa injini, na daiaframu yake ikikauka na kuchanika, petroli hushuka moja kwa moja kwenye sampu. Kimo cha oili kwenye stiki kinapanda, mwenye gari anafurahi kwamba oili ipo tele, kumbe beringi zinaogeshwa kwa petroli. Badilisha daiaframu au pampu nzima kwanza.

Weka filta mpya na oili ya 20W-50. Oili nyembamba za magari ya kisasa hazikukusudiwa mianya ya injini hizi.

Kisha fungua plagi zote, mimina kijiko kimoja cha chakula cha oili nyepesi katika kila tundu, uache usiku mzima. Siku mbili ni bora. Weka gia nyutro na uzungushe injini kwa mkono. Land Rover na Peugeot za zamani zina sehemu ya hendeli kwa mbele. Mengine utatumia spana kwenye nati ya puli ya kranki. Izunguke mizunguko miwili kamili, kwa sababu ndani ya mizunguko miwili kila valvu imefunguka na kufunga. Ikikwama, rudisha nyuma kidogo, ongeza oili, subiri. Usining'inie kwenye spana, na usivute gari kwa gari jingine ili "lishtuke". Kwa kuvutwa hivyo, ringi zilizoshikwa na kutu huvunjika na pushirodi (fimbo zinazosukuma valvu zifunguke) hupinda.

Ikizunguka vizuri, chomoa waya mkubwa wa koili na uugusishe kwenye bodi, kisha piga starta plagi zikiwa bado nje, sekunde kumi kumi na mapumziko katikati, mpaka taa ya oili izime au geji ipande. Sasa oili imefika kwenye beringi, na injini haijabeba mzigo wowote. Hatua hii moja ina faida kuliko dawa zote za chupa zinazouzwa madukani.

Petroli ya zamani imwage yote. Ikinuka vanishi, tanki na kabureta vyote vinahitaji kuoshwa.

Maonyo mawili ya kukaa nayo muda wote. Usiingie chini ya gari lililoegemea mawe au jeki peke yake. Mawe yaliyokaa chini ya mvua kwa miaka huteleza mara tu gari linapotikiswa na starta. Na usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika mbili, kwa kuwa moshi wake una gesi inayoua bila kuonekana wala kunusika. Ndoo ya mchanga au kizima moto kikae karibu.

Namna ya kusikiliza

Shika bisibisi ndefu, ncha yake iguse injini, mpini uwe kwenye mfupa wa sikio. Sogeza: tapeti kava, ubavu wa silinda, sampu, kifuniko cha mbele, wata pampu, dainamo. Pale mlio unapokuwa mkali na safi ndipo chanzo kilipo au kiko jirani. Funga mikono ya shati, vua tai, na mwenye kanga akae mbali na feni.

Jambo la pili ni mwendo wa mlio. Kamshafti huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo kelele za valvu na tapeti huenda kwa nusu ya kasi ya injini, na kelele za kranki na konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) huenda kwa kasi yote. Kwenye silensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, sikio peke yake linaweza kudanganywa. Kama fundi ana taa ya taimingi, aibane kwenye waya wa plagi yoyote: inamulika mara moja kila mizunguko miwili. Mlio unaokwenda sawa na mwanga ni wa upande wa valvu. Ukisikia milio miwili kwa kila mwanga, tafuta chini.

Dalili: tik-tik nyepesi, juu ya injini

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu waogope bila sababu. Ni mlio mkavu wa cherehani, unaokwenda haraka unapokanyaga mafuta.

Chanzo cha kawaida kabisa ni kwamba oili haijafika juu. Roka, mikono midogo inayokandamiza valvu, ndizo za mwisho kupata oili, na njia yake ni nyembamba. Kama taa ya oili imezima, iache injini kwenye mwendo wa mizunguko kama 1,200 kwa dakika, ikae hivyo dakika mbili tatu, na usikilize. Ukipungua taratibu, tatizo lilikuwa ukavu. Usipopungua, zima, fungua tapeti kava, washa tena kwa muda mfupi na utazame kwa macho: oili inapaswa kutiririka kwenye kila roka. Zikilowa roka nne na nyingine zikabaki kavu, roka shafti imeziba kwa oili iliyoganda. Hiyo inatolewa, inaoshwa kwa petroli au mafuta ya taa mezani, matundu yake yanapitishwa waya laini. Ni kazi ya asubuhi moja. Wakati huo huo pitisha kidole chini ya shafti: ukihisi ngazi, imelika, na hakuna marekebisho ya tapeti yatakayoituliza.

Kinachofuata ni nafasi za tapeti, yaani mwanya kati ya roka na shina la valvu. Gari lilipowekwa huenda lilikuwa tayari linadai marekebisho. Pima kwa fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya), si kwa kidole wala kwa sikio. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 inataka 0.25 mm kwa valvu zote. Peugeot 504 ya petroli inataka 0.10 mm kwa valvu za kuingiza na 0.25 mm kwa za ekzosi, injini ikiwa baridi. Beetle za 1300 hadi 1600 ni 0.15 mm zote, injini baridi kabisa. Corolla ya 3K ni 0.20 mm kwa za kuingiza na 0.30 mm kwa za ekzosi, injini ikiwa moto, na Datsun 1200 (injini ya A12) ni 0.35 mm zote, nayo ikiwa moto. Range Rover ya V8 ya lita 3.5 haina cha kurekebisha: tapeti zake hujijaza oili zenyewe, na baada ya kulala muda mrefu zinaweza kupiga kelele kwa dakika kadhaa, hata kwa safari fupi ya kwanza, mpaka zijae. Usiifungue kabla ya hapo.

Usibane tapeti ili tu mlio uishe. Tapeti yenye mlio mdogo inaishi. Iliyobanwa mno huzuia valvu kufunga, na valvu inaungua. Hili lina uzito zaidi kwa magari haya kwa sababu mengi yalitengenezwa wakati petroli ilikuwa na risasi, ambayo ililinda viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondoka karibu kote. Injini yenye viti laini ikiendeshwa kwa nguvu kwa petroli ya leo, valvu za ekzosi huzama polepole na nafasi ya tapeti hupungua yenyewe. Kwa hiyo tapeti iliyokuwa ikilia, ikanyamaza bila kuguswa baada ya kilomita mia kadhaa, ipime siku hiyo hiyo.

Chanzo cha tatu hakiko kwenye valvu kabisa. Gasketi ya manifodi ya ekzosi ikikauka na kupasuka, hewa ya moto inatoka kwa vipindi na kutoa tik-tik inayofanana na tapeti kiasi cha kuwapoteza mafundi wazoefu. Inakuwa kali injini ikiwa baridi na hupungua manifodi inapopata moto na kutanuka. Angalia masizi meusi kwenye maungio. Pitisha mkono kwa mbali, bila kugusa, injini ikiwa imewashwa sasa hivi, utahisi pumzi. Mama mmoja wa Pasiansi alikuwa na 504 ya marehemu mumewe na tayari alikuwa ameambiwa atafute injini nyingine. "Mwanangu, wananiambia imekufa," alisema. "Haijafa, mama, inavuja," ndilo lilikuwa jibu la kijana aliyekuja na bisibisi na kuitazama manifodi. Gasketi na nati mbili.

Cha nne ni valvu iliyonata. Shina lake limeshikwa na kutu au gundi ya petroli iliyooza, valvu inabaki wazi, roka yake inalegea na kugonga. Utaijua kwa sababu injini inamisi silinda moja, kabureta au ekzosi inapumua vibaya, na nafasi ya tapeti hiyo ni kubwa mno ukilinganisha na wenzake. Zima mara moja. Ukiendelea, pushirodi itaruka au kupinda, na kwenye injini zenye nafasi finyu pistoni inaweza kuigonga valvu. Shusha pistoni ya silinda hiyo chini, pakaza shina la valvu mchanganyiko wa nusu ATF (oili ya gia otomatiki) na nusu dizeli, acha saa kadhaa, kisha gonga taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka springi iirudishe yenyewe. Rudia mpaka inashuka na kupanda bila kusita. Toa pushirodi na uiviringishe juu ya kioo. Ikiwa imepinda utaiona ikiruka.

Mwisho, na kwa nadra, kamshafti yenyewe imeliwa na kutu. Hapo valvu moja inafunguka kidogo kuliko nyingine, na kazi si ya uani tena.

Dalili: kugonga kuzito, chini ya injini

Zima. Usipige resi "ili usikie vizuri". Kama taa ya oili ilikuwa inawaka wakati wa kugonga, usiwashe tena mpaka sababu ya taa hiyo ijulikane.

Hata hivyo, anza na vitu vidogo, maana vipo. Shika puli ya kranki na uitikise: bolti yake ikilegea, inatoa mlio mzito wa kugonga unaofanana kabisa na wa beringi kubwa. Tazama maunti za injini. Mpira uliokaa miaka kwenye oili na joto hukatika, na injini inagonga chasisi. Bolti za flaiwili na sahani ya klachi zilizolegea nazo hugonga, na mlio wa klachi hubadilika ukikanyaga pedali. Mkono wa pampu ya petroli uliolika unapiga kwa nusu ya kasi, ubavuni. Yote haya hukaguliwa bila kufungua sampu.

Kisha pima presha ya oili kwa geji halisi. Toa swichi ya taa ya oili, funga geji mahali pake. Usitegemee taa, kwa sababu huzima kwa presha ndogo sana. Kanuni ya zamani ya mafundi ni paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa moto. Presha ikiwa chini, sababu ya kwanza ni oili yenye petroli, ambayo nimeshaieleza. Ya pili ni chujio la ndani ya sampu kuzibwa na matope ya oili, na hii ndiyo huwakuta wale waliosikiliza ushauri wa kumwaga dizeli kwenye injini na kuiwasha "ili isafike". Usifanye hivyo kamwe. Dizeli inaondoa utando wa oili kwenye beringi, na inang'oa uchafu wa miaka yote kwa mkupuo na kuupeleka kwenye chujio. Sampu inashushwa na kuoshwa kwa mikono. Ni gasketi moja na jioni moja ya kazi, na ukiwa chini hapo utaona kama kuna vumbi la shaba au vipande vya beringi.

Beringi ya konrodi ina tabia yake: inagonga zaidi unapoachia mafuta kutoka mizunguko kama 2,000 kuliko unapokanyaga. Ukikata cheche ya silinda husika, mlio unapungua au kubadilika. Kata kwa kugusisha waya wa plagi kwenye bodi kwa koleo lenye mpira, silinda moja baada ya nyingine, kwa sekunde chache. Usiache waya ukining'inia hewani, utaua koili na unaweza kukupiga. Beringi kuu za kranki zinatoa mlio mzito zaidi wa kugonga, hasa injini ikibeba mzigo, na kukata plagi moja hakubadilishi sana.

Kuna mlio wa tatu unaochanganywa na hizi: mlio mtupu, wa uvungu, injini ikiwa baridi, unaofifia ikipata moto. Huo ni pistoni inayocheza ndani ya silinda. Gari linaweza kuishi nao kwa miaka. Ukiambatana na moshi wa bluu na silinda moja dhaifu, fikiria ringi zilizonata au kuvunjika. Ringi zilizonata pengine zitaachia baada ya safari kadhaa za taratibu. Zilizovunjika hazitaachia, na zitachora ukuta wa silinda.

Unapopima kompresheni (presha ndani ya silinda pistoni inapopanda), kumbuka ulipo. Uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kitabu kikisema paundi 150, kupata 130 Mwanza ni injini nzima. Wapo waliofungua injini nzuri kwa kutojua hili. Cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda.

SIMAMA HAPA, tafuta mtaalamu: presha ya oili haipandi hata baada ya kuosha sampu; mlio wa kugonga unafuata silinda moja ukikata plagi; kuna vipande vya metali kwenye oili. Kranki inatakiwa kupimwa na maikromita na pengine kuchongwa, na hiyo ni kazi ya karakana zenye mashine. Kwa Peugeot 404 na 504 ongeza tahadhari moja: silinda zake ni mikebe inayokaa ndani ya maji. Hedi ikishatolewa, usizungushe kranki bila kuibana mikebe hiyo, la sivyo inainuka, mpira wa chini unaachia, na maji yanaingia kwenye sampu. Fundi asiyejua hilo asifungue hedi ya Peugeot.

Dalili: "kloki" moja, starta inakwama

Usirudie kupiga. Toa plagi. Kama maji au petroli vinaruka kutoka kwenye tundu moja, silinda ilikuwa imejaa, na kimiminika hakibaniki. Starta ikilazimishwa inapinda konrodi. Maji yakiwemo, gasketi ya hedi au hedi yenyewe ina tatizo. Plagi zikitoka na injini bado haizunguki kwa mkono, rudi kwenye oili na subira. Betri dhaifu na nyaya zenye kutu hutoa mlio unaofanana, kwa hiyo angalia taa kubwa zinafifia kiasi gani unapopiga.

Dalili: kelele za mbele

Mluzi au kukwaruza mbele hutatuliwa haraka. Toa feni belti, washa kwa nusu dakika tu. Kelele ikiisha, ni mkanda mkavu, beringi ya dainamo au ya wata pampu. Zungusha kila puli kwa mkono na utahisi mchanga. Wata pampu inayochuruzika kwenye tundu lake la chini imekwisha. Kwenye Beetle mkanda huo ndio unaozungusha feni ya kupoza injini, kwa hiyo nusu dakika iwe nusu dakika kweli.

Kelele ikibaki, sikiliza kifuniko cha taimingi. Cheni inayotikisika inapiga kwara-kwara kwenye silensa na unapoachia mafuta. Kwenye Land Rover, kikaza cheni kinategemea presha ya oili, hivyo mlio wa sekunde chache baada ya kuwasha si hoja. Unaoendelea injini ikiwa moto ni cheni iliyorefuka au kikaza kilichokwama, na usisafiri nao hadi Shinyanga.

Dalili: milipuko kwenye kabureta au ekzosi

Kabla ya kulaumu valvu, shughulikia platini (vigusio vya umeme ndani ya distributa). Zikikaa na unyevu hupata utando usiopitisha umeme. Safisha kwa msasa laini, futa, weka nafasi ya 0.35 hadi 0.40 mm kwa distributa za Lucas. Kisha mpangilio wa waya: 1-3-4-2 kwa Land Rover, Peugeot, Datsun na 3K, 1-4-3-2 kwa Beetle. Waya mbili zikibadilishana, injini italipuka na kutikisika bila kuwa na kosa lolote ndani. Baada ya hapo safisha kabureta, hasa jeti za silensa. Mlipuko wa mpigo mmoja unaojirudia kwenye kabureta, silinda ile ile, unakurudisha kwenye valvu ya kuingiza iliyonata.

Dalili: mlio mwembamba wa metali ukipanda mlima

Kwenye tambarare kimya, ukielekea juu Bugando au Isamilo inaanza ti-ri-ri. Mafuta yanajiwasha kabla ya wakati. Tafuta petroli ya zamani iliyobaki tankini, taimingi iliyosogezwa mbele mno, mchanganyiko mkavu kwa sababu jeti zimeziba nusu. Kwa gari lililolala, tazama pia ndani ya distributa: vizito vya kusogeza cheche huganda kwa kutu vikiwa vimefunguka. Zungusha rota kwa vidole na uiachie. Inapaswa kurudi yenyewe. Tone moja la oili laini chini ya rota hulitibu. Kwa kuwa hewa ya hapa ni nyepesi, injini inayolia Mwanza italia zaidi ikishuka Dar, kwa hiyo rekebisha kabla ya safari. Ukiuendesha mlio huu kwa muda mrefu utatoboa pistoni.

Baada ya kelele kwisha

Usiiamini injini siku ya kwanza. Zunguka mtaani, Nyakato na kurudi, geji ya oili ikiwa imefungwa na chupa ya maji ndani. Badilisha oili na filta baada ya kilomita 200 hivi, hata kama bado inaonekana safi, maana uchafu ulioachia utakuwa humo. Pima tena tapeti, na ukaze bolti za hedi kwa mpangilio na nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo, kwa spana yenye kipimo. Pima tapeti kwa mara nyingine kwenye kilomita 1,000 na uandike namba za kila valvu kwenye daftari. Namba inayopungua kila unapopima inakuonyesha ni valvu ipi inazama, na utaipeleka hedi kwa mchongaji ukiwa tayari unajua wa kumwonyesha nini.